Kumwachisha Ziwa

Kitu cha kwanza kumkera Mkunga katika nyumba ile hakikuwa mbu wala popo. Kilikuwa salamu.

Mama Funguo, mwanamke wa makamo aliyeajiriwa kuitunza nyumba, alimpokea kule ng'ambo kwenye gati la boti kwa adabu zake zote. Alipiga goti kidogo, akapokea begi, akasema, "Shikamoo mama." Mkunga akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na moyoni akasema, haya, leo nimefika kwa watu. Walivuka ziwa wakipiga soga. Funguo zote za nyumba Mama Funguo alizifunga kiunoni kwa kamba, ukamsikia kabla hujamwona, na mdomo wake nao haukuwa na kufuli. Alipoambiwa kwamba mgeni wake ni mkunga mstaafu, aliuliza, "Mkunga wa kuzalisha au mkunga samaki, wa kukaanga?" Mwendesha boti alicheka mpaka wakakaribia kulipita gati la kisiwani.

Sasa asubuhi iliyofuata mwanamke huyo huyo aliingia jikoni na ufagio, akasimama wima, akasema, "Habari za kuamka."

Mkunga akasubiri. Labda shikamoo ilikuwa njiani, imetangulizwa habari. Haikuja. Mama Funguo alianza kufagia chini ya meza kama mtu aliyekwisha lipa kila kitu.

"Nzuri," Mkunga alijibu, na siku nzima hakumpa neno la ziada.

Msimcheke. Kila mtu ana chakula chake cha roho, na cha Mkunga kilikuwa shikamoo. Katika mji wake wa zamani alizalisha mpaka watoto aliowapokea wakarudi kuzalia mikononi mwake. Akitoka kununua chumvi, chumvi inafika nyumbani adhuhuri, kwa maana kila hatua kuna anayemwamkia, na yeye si mtu wa kuitikia huku anatembea. Mumewe alipofariki, naye akastaafu, binti yake wa pekee akamchukua kwenye mji mkubwa, ghorofani, ambako jirani humjui kwa sura, unamjua kwa mlio wa mlango wake. Humo hakuna aliyemwamkia. Upweke ni uvundo, walisema wahenga, na Mkunga aliusikia uvundo huo hata kwenye shuka zilizotoka kufuliwa.

Ndipo lilipotokea lile la mjukuu. Mtoto alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza ameanza chekechea. Akaingia mbio na karatasi mkononi, akasema, "Hai bibi." Mkunga akageukia ukutani. "Sijaamkiwa," alisema. Mtoto akasimama pale na karatasi yake, na Mkunga hakugeuka, mpaka mtoto akaanza kulia. Binti yake akasema kwa sauti ya chini, "Mama, alikuwa amekuletea picha." Maneno mengine yaliyofuata hayafai kurudiwa. Mkunga alihamia vyumba viwili vya kupanga upande wa pili wa mji, na mwaka mzima wakasikiana kwenye simu tu, tena kwa vipande.

Nyumba ya kisiwani ilikuwa wazo la binti. Aliiona kwenye tangazo: baraza jeupe, ngazi za saruji zinazoshuka mpaka majini, hakuna jirani, faragha kamili. "Tukae wote pale, Mama, tuongee yaishe." Dakika za mwisho kazi ikambana. "Tangulia wewe, ukapumzike. Sisi tunakuja Jumamosi." Mkunga akatangulia. Hapo ndipo alipogundua kwamba faragha ni upweke uliovalishwa nguo za kutokea.

Jioni ya pili alikuwa barazani na kikombe cha chai. Jua lilikuwa limezama, maji yametulia kimya, na kwenye miti hakukuwa hata na ndege wa kugombana na mwenzake. Kutoka chini ngazini, pale ngazi ya mwisho inapoingia majini, sauti ya mtoto ikasema:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia kabla hajafikiri, kwa ule utamu wake wote wa zamani. "Hujambo?"

Mtoto hakusema sijambo. Mkunga alinyanyuka, akachungulia. Ngazi zilikuwa tupu, ila ile ya mwisho ilikuwa imelowa. Akajiambia ni mtoto wa watu aliyekuja kuchota maji, ameona haya, amekimbia. Kwamba njia ya kukimbilia haikuwepo, hilo hakutaka kuliwazia sana. Tuseme ukweli: alifurahi kuliko alivyofurahi mwaka mzima. Alilala akitabasamu peke yake kwenye kitanda cha watu wawili.

Jioni iliyofuata alivaa gauni lake zuri na kukaa pale pale. Shikamoo ilikuja, safari hii kutoka katikati ya ngazi. "Marahaba, baba. Au mama? Jitokeze nikuone." Hakuna aliyejitokeza. Jioni ya baada ya hapo ilikuja kutoka chini ya mbao za baraza, karibu kabisa na viti, na Mkunga akaacha biskuti kwenye kisahani. Asubuhi biskuti zilikuwa zimeloa na kuvimba, hazikuguswa, na pembeni ya kisahani kulikuwa na alama za maji. Aliinama kuzitazama. Hazikuwa za miguu. Zilikuwa viganja, vidogo, kimoja mbele ya kingine, vinatoka ukingoni mwa baraza mpaka mlangoni.

Ndani ya nyumba kulikuwa na harufu. Mama Funguo alisema ni ziwa, upepo ukigeuka huwa hivyo. Mkunga hakusadiki, kwa kuwa harufu ile aliijua, aliishi nayo maisha yake yote ya kazi: harufu ya chupa ikipasuka, yale maji ya uvuguvugu yanayomtangulia mtoto. Akaitafuta chini ya vitanda, chooni, kabatini. Haikuwa na mahali pake. Alipokuwa yeye, ndipo ilipokuwa.

Mchana huo alisimama kwenye sinki akiosha kikombe, jua linawaka dirishani, redio inaongea peke yake sebuleni, alipohisi kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimeshikwa, si kuguswa, kushikwa, na vidole vidogo vya baridi vilivyojikunja kukizunguka kimoja kimoja, na kabla moyo haujashtuka mwili wake ulikwisha kuutambua mshiko ule, maana alikuwa ameuona kwa maelfu ya vichanga, ambao ukiwawekea kidole kiganjani hukifumba pale pale kabla hata ya kujua wameshika nini, kwa nguvu usiyoitegemea katika kitu kichanga namna ile, na hawaachii, mpaka uwabandue wewe. Akatazama chini. Sakafu ilikuwa kavu. Mguu ulikuwa wake, peke yake. Lakini kidole kilikuwa kimekuwa cheupe pale kilipobanwa, na aliposogeza mguu, ule ubaridi ukasogea nao.

Usiku wake ikashikwa miguu yote miwili, chini ya blanketi. Alilala chali mpaka kukacha, akiogopa kukunja goti.

Asubuhi Mama Funguo alikuwa anafagia baraza. Mkunga alikuwa anatoka chumbani akiburuta miguu, na kutoka nyuma yake, ndani ya chumba alichokwisha kukifunga, sauti ikasema, "Shikamoo." Mazoea yana taabu. Akaitikia, "Marahaba."

Ufagio ukasimama.

"Mama," Mama Funguo alinong'ona, "umemwitikia nani?"

"Huyo mtoto."

"Mtoto gani?"

"Anayekuja kila jioni. Wewe humsikii?"

Mama Funguo aliulaza ufagio chini. Alizikamata funguo zake kwa mkono zisilie, akamshika Mkunga kiwiko, akamtoa nje ya geti hivyo hivyo na ndala zake. Walipofika barabarani alipiga goti mpaka chini kwenye vumbi. "Shikamoo mama," alisema, machozi yakimlenga. "Nilikuwa na deni lako la siku zote hizi. Ulinichukia, nililiona. Lakini ndani ya ile nyumba hatuamkiani. Hata ukutani kwake hatuamkiani."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Mwenye nyumba alinikataza. Wageni wakisikia, nani atakuja? Na wageni wenyewe ni vijana, mama. Wapenzi, watu wa fungate. Nani anawaamkia wale? Hajawahi kuja mtu wa kuitikia marahaba, peke yake, kwa wiki nzima."

"Kuna nini mle?"

"Twende kwa shangazi. Mimi nikisema nitakosea."

Shangazi yake Mama Funguo alikuwa na mashine ya kusaga upande wa pili wa kisiwa. Alikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope, na mashine ilikuwa imemla masikio kiasi kwamba uliongea naye kwa kumpigia kelele, naye akakujibu kwa kelele zaidi. Watu walimwendea kwa unga, na walimwendea kwa mambo mengine. Mama Funguo alimweleza sikioni. Mkunga aliona aibu, maana majibu yalisikiwa na foleni nzima ya ndoo za mahindi.

"AMEITIKIA?" Shangazi alifoka. "MARA NGAPI? BASI AMESHALEA!"

Kisha akaizima mashine. Wenye ndoo wakajiondokea bila kuambiwa. Katika ukimya ule Shangazi alishusha sauti mpaka ikawa ya mtu mwingine.

"Mimi hanipati," alisema. "Ameniamkia miaka, sisikii. Kaa, mkunga."

Mkunga akakaa juu ya gunia.

"Huyo ni jini wa ziwa. Ni mkubwa kuliko kisiwa hiki, alikuwepo kabla hakijachomoza. Lakini hakuzaliwa. Wenzake hawajali. Yeye linamuuma. Anataka mama. Sasa mtu anakuwaje mama bila kuzaa? Kwa neno. Akikuamkia ukasema marahaba, umemkubali. Anayeitikia ndiye mama. Hachagui mdomo, yeye anachotaka ni marahaba."

"Ananishika miguu," Mkunga alinong'ona.

"Atashika nini kingine? Shikamoo ni nini? Wazee wa zamani walimaanisha nashika miguu yako. Sisi tunasema kwa mdomo, tunapita. Yeye anafanya kwa mikono."

Mkunga akaitazama miguu yake ndani ya ndala. Ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyetoka kuoga ziwani, na hakuwa ameoga.

"Nipande boti niondoke leo hii."

"Ukipanda naye miguuni umempeleka kwenu." Shangazi alipangusa unga usoni, akawa mwanamke wa kawaida aliyechoka. "Umeachisha wangapi ziwa, mkunga? Umewaambia mama zao nini? Mwache alie. Basi. Huyu naye mwachishe, hapa hapa penye ziwa lake. Atakuamkia asubuhi, atakuamkia jioni. Atakuamkia kwa sauti za watu wako. Mnyime. Usimwitikie yeyote marahaba ndani ya nyumba ile, hata akiwa ni mtu kweli, maana hutajua. Siku miguu itakapokauka na kupata joto, amekuachia. Hapo panda boti, na usigeuke."

Alikataa kupokea chochote. Aliwasha mashine tena, na kabla haijakolea akapiga kelele, "NA USIMHURUMIE!"

Kusema ni rahisi. Jioni ile shikamoo ilikuja kutoka chini ya kiti chake, na Mkunga akauma kitambaa. Ikaja tena, na tena, kwa upole, kama mtoto anayedhani pengine hakusikika. Baadaye ikabadilika. Ikaja kwa sauti ya muuza mboga wa mji wake wa zamani. Ikaja kwa sauti ya muuguzi kijana ambaye yeye ndiye alimfundisha kazi, aliyekuwa akimwamkia kwa kuinamisha kichwa pembeni. Kutoka ngazini, ngazi moja baada ya nyingine mpaka majini, zikaja sauti za watu wazima na watoto, wanaume aliowajua kwa jina na kwa uzito waliozaliwa nao, wote wakimwamkia yeye, mmoja anaingilia mwingine, shikamoo mama, shikamoo mkunga, shikamoo bibi, kama sokoni Jumamosi asubuhi, mji mzima uliokuwa umemsahau umekuja kumsalimu gizani, na yeye ameketi katikati yake ameziba mdomo kwa viganja viwili huku machozi yanapita katikati ya vidole, maana hakuwa analia kwa woga peke yake, alikuwa analia kwa njaa.

Kisha kikaanza kilio chenyewe. Kilikuwa cha mtoto aliyenyimwa titi, kile cha kukata na kuanza, kikitoka sakafuni chini ya kitanda. Mkunga alikuwa amewaambia kina mama wengi, mwache alie, atachoka. Hakujua kwamba maneno yale ni mazito hivi kuyasikiliza. Alizika uso kwenye mto. Alikumbuka mtoto mwingine aliyesimama na karatasi mkononi huku yeye ametazama ukuta, akajiuliza ni jini gani aliyekuwa nyumbani siku ile.

Lakini kulikuwa na nafuu. Siku iliyofuata shikamoo zilipungua, na mguu wa kushoto ukakauka. Ule wa kulia ulibaki umeshikwa kidole kimoja tu, gumba, bila nguvu. Akapata moyo, akapanda kwenye jukwaa la tangi la maji, mahali pekee penye mtandao, akampigia binti yake. Neno lilikuwa tayari ulimini. Msije.

"Mama!" Binti alikuwa na furaha ambayo Mkunga hakuisikia tangu ugomvi. "Tumeshafunga mizigo. Huyu mwenzio hajalala tangu jana."

"Mwanangu, sikiliza. Kuhusu kuja..."

"Bibi!" Simu ilikuwa imenyakuliwa. "Bibi nina siri yako! Nimefundishwa!"

"Usiseme, wewe," binti alicheka kwa mbali. Kisha akarudi, sauti imeshuka. "Ni zawadi yako, Mama. Amefanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Usimuulize, utaiona. Ulikuwa unasema?"

Mkunga alitazama paa la nyumba chini yake, baraza jeupe, ziwa limelala kimya pande zote. Hakuna moshi, hakuna mtu, hakuna chochote kilichokuwa kinamngoja zaidi ya kile. Angesema msije, angebaki nacho peke yake, na binti yake angeelewa jambo moja tu, kwamba hawatakiwi.

"Nilikuwa nasema njooni," alisema. "Njooni mapema."

Alipanga akilini mwake. Angewasubiri gatini, asiwaache wakanyage ngazi za nyumba. Angesema pampu imeharibika, wangelala kwa Mama Funguo, na asubuhi, mguu wa kulia nao ukishakauka, wote wangevuka. Mpango ulikuwa mzuri, na Jumamosi alfajiri alikuwa amekwisha kaa juu ya gati na begi lake, mguu mmoja mkavu na mwingine na ubaridi wake.

Mvua haikuulizwa. Ilishuka mchana, nzito, ikalifuta ziwa lote machoni, na Mkunga akakumbuka kwamba mtoto atakuja amelowa na mwavuli uko kabatini. Akakimbia ndani mara moja. Alikuwa chumbani, ameupa mlango mgongo, mkono uko kwenye mwavuli, aliposikia nyuma yake:

"Shikamoo bibi."

Ilikuwa sauti ya mjukuu wake. Ilikuwa safi, kila silabi imewekwa mahali pake, na mshindo wa mvua nyuma yake. Mkunga akafumba macho. Ndiyo hiyo, alijiambia, ameibeba kutoka kwenye simu. Akabana meno.

"Shikamoo bibi," sauti ikarudia, chini kidogo.

Hakugeuka. Alitazama ukuta wa kabati na kuhesabu pumzi zake.

"Hata leo, Mama?"

Akageuka. Binti yake alikuwa mlangoni, nywele zinachuruzika, begi bado begani. Mwendesha boti alikuwa ameikimbia dhoruba na kuwashusha moja kwa moja kwenye ngazi za nyumba. Mbele yake alisimama mjukuu, amekua, bado amevaa jaketi la kuokolea, viatu ameviacha barazani kwa adabu, miguu mitupu juu ya saruji. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Midomo yake ilikuwa imeanza kupinda.

Marahaba ilikuja mpaka kwenye meno. Mkunga aliuhisi uzito wake. Papo hapo vidole vile vikaamka, vikakaza, si gumba tu, mguu wote, miguu yote, vikipanda vifundoni kwa pupa, na harufu ya maji ikajaa chumba. Akaufunga mdomo.

"Sawa," binti alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Twende, mwanangu. Boti haijaondoka." Akamshika mtoto bega.

"Subiri," Mkunga alisema. "Subiri, mwanangu, nakuomba."

Angewaeleza nini? Mlangoni, kwenye mvua, kwa mwanamke aliyekwisha choka kuelezwa? Alimtazama mtoto. Likamjia wazo jepesi kiasi kwamba alishangaa halikumjia mapema. Alikatazwa kuitikia. Nani alimkataza kuamkia?

Akapiga magoti. Magoti ya uzee yalilia, naye akaendelea mpaka chini, akanyoosha mikono, akaishika miguu ya mjukuu wake, midogo, yenye uvuguvugu na matone ya mvua. Hakuna mtu wa rika lake aliyewahi kufanya hivyo kwa mtoto. Hakujali. Heshima yote aliyoidai maisha yake yote aliitoa pale kwa mara moja.

"Shikamoo, mjukuu wangu," alisema.

Nyuma yake, nusu pumzi baadaye, neno lile likasemwa tena, dogo na safi. Alilisikia. Akasema ni mwangwi, vyumba vitupu vina mwangwi, na akataka sana liwe hivyo.

Mtoto alimtazama mama yake, akamtazama bibi sakafuni. Uso ukamfunguka. Hakuna aliyewahi kumwamkia yeye tangu azaliwe, lakini jibu alilijua. Alilisoma wiki nzima pamoja na swali lake.

"Marahaba!" alisema, akacheka kwa nguvu.

Na miguu ya Mkunga ikaachiwa. Ilitokea ghafla, kama kamba iliyokatwa. Joto lilipanda kutoka kwenye nyayo, likapita magotini, likamfika kifuani, na harufu ikatoka chumbani kama mtu aliyeaga. Ameachishwa, alijiambia. Amechoka, amekwenda. Binti yake alikuwa amelitupa begi na kupiga magoti naye pale chini, akimkumbatia, akilia begani kwake, "Mama, Mama yangu jamani," na Mkunga akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamkaza, akanusa nywele zake zenye mvua. Mwaka mzima ulikuwa umekwisha. Aliusikia mwisho wake.

"Bibi," mtoto alisema juu yao, bado na kicheko kidogo. "Basi sasa. Niachie miguu."

Mikono ya Mkunga ilikuwa mgongoni mwa binti yake. Alikuwa anaitazama, yote miwili, na hakuna hata mmoja uliomgusa mtoto.